Mbunge wa Mbio

Kila muthokoi inapochemka jikoni kwangu, ile harufu ya mahindi na maharagwe hunirudisha kwa susu, nyanya yangu, akipepeta maharagwe huku redio ikiongea kando yake.

Siku hiyo mtangazaji alisema mwanariadha wetu ameshinda mbio ndefu huko ng'ambo. Jina lake lilikuwa lilelile la mbunge aliyetuahidi maji ya mfereji.

"Kumbe ndiyo maana hapatikani ofisini," susu akasema. "Yuko mbio!"

Mjomba akamweleza kwamba hao ni watu wawili. Susu akaendelea kupepeta kama hajasikia.

Kampeni zilipoanza, mbunge alishuka garini pale sokoni, tumbo likitangulia. Susu akapenya katikati ya watu, mimi nyuma yake, akamshikisha mtungi mtupu.

"Mheshimiwa, mto uko nyuma ya kile kilima. Wewe ni mtu wa mbio. Utarudi kabla muthokoi haijaiva."

Soko lote likacheka. Mheshimiwa alibaki na mtungi mkononi, akitafuta pa kuuweka.

Susu akaniinamia, akaninong'oneza: "Yule mwingine angekuwa ashafika mtoni."