Saa Tisa Niliyoiandika Mimi

Admin, nakuomba unifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka themanini na sita, mzaliwa wa Jomvu Kuu, na haya nayasema, mjukuu wangu aniandikia simuni.

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa karani wa hesabu kwa wachoraji wa majumba. Kabla nyumba haijajengwa, mimi nilihesabu joto la ndani litafika wapi: chumba kwa chumba, saa kwa saa, kutwa nzima, kwa kalamu. Zikaja nyumba za wafanyakazi wa Changamwe. Wiki tatu, nusu sijafika. Mkubwa wangu akanijia juu: "Wewe wahesabu au walala?"

Nami kijana mjuaji, nikatafuta njia ya mkato. Saa zote za nini? Nihesabu ile moja iliyo kali. Chumba kikiistahimili hiyo, zilobaki si kitu. Na nani kwetu asiyejua kwamba jua la kuchoma ni la saa tisa? Siku mbili nikamaliza, nikasifiwa. Vyumba vya upande wa magharibi vilitoka baridi kwenye karatasi, vikapewa kidirisha kimoja.

Dadangu Zuhura na mumewe wakapata chumba cha upande huo. Akajifungua mtoto wa kiume. Mwajua arobaini ya mzazi: hatoki, mlango wafungwa, mtoto asipigwe na upepo. Siku ya ishirini na sita, alasiri, mtoto akawaka moto, akakataa titi. Jua halijatua, akafa. Mavyaa yake, mamake mume, akamwambia mbele za watu, "Umemfunika ukamuua." Hata msiba haujapoa, mume akamwacha.

Matangani nilikaa chumbani mle saa tisa, nikaegemea ukuta. Nikaruka, ukuta wachoma! Kesho yake nikafungua faili ofisini. Loo, mimi! Jedwali la jua nililohesabia lilikuwa la saa za Kizungu. Tisa yao ni saa tatu yetu ya asubuhi, jua lingali mashariki. Nilihesabu asubuhi nikaiita alasiri. Nikarudisha faili, nikanyamaza. Wallahi sijui kama ni joto au ni homa, ila najua dada yangu hakumuua mtoto wake.

Zuhura hakuolewa tena. Ana miaka themanini na tatu, twakaa naye. Juzi mjukuu wangu huyuhuyu aniandikiaye alipata mtoto, akampelekea nyanyake ampakate. Zuhura akaficha mikono kwenye leso. "Mpe mwengine, mwanangu. Mikono hii haishiki watoto."

Nikimwambia, nahofia kumvunja moyo uzeeni, na huenda asinipe mkono tena. Nikinyamaza, atazikwa na dhambi yangu. Mjukuu wangu ameacha kuandika, anitazama. Nimemwambia amalize.

Zuhura yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa. Nishaurini, jamani, niingie?