Njuga Juu ya Mguu Mgonjwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulipokuwa tunamwoza dada yangu kijijini, uwele ukiwa umeshavunwa. Wiki tatu kabla nilikuwa nimeteguka enka ya kushoto nikishuka mlimani na mzigo wa kuni. Muuguzi wa zahanati akanipa soksi ngumu ya kukaza kifundo, yenye kamba kama za kiatu na vibati viwili pembeni. Alisema niivae nikitembea, nikikaa niuchezeshe mguu taratibu, na nisicheze ngoma mpaka auangalie tena. Nadhani alisema hivyo. Sitaki kumwekea maneno mdomoni.

Nikaivaa, maumivu yakaisha. Hapo ndipo akili yangu ilipovurugika, na mpaka leo haijanyooka vizuri. Mguu umepona, au umeshikwa tu? Kuuliza si ujinga, lakini sikwenda kuuliza. Niliogopa kuambiwa nikae chini, na mimi ndiye niliyekuwa natangulia mstari wa wachezaji.

Mjomba, kiongozi wa ngoma yetu, aliniuliza mbele ya watu, "Mguu vipi?"

"Mzima, mjomba."

Kwa hiyo yeye simlaumu.

Siku yenyewe njuga zikakataa kukaa juu ya ile soksi. Zilikuwa zinateleza, zinalia kama kopo lenye mchanga. Nikaivua, nikaificha nyuma ya ghala, nikazifunga njuga kwa nguvu kwenye kifundo kitupu. Nikajiambia, kukaza ni kukaza.

Mruko wa tatu mguu ukapinda, nikaangukia magoti. Watani wa upande wa bwana harusi wakasema tumewaletea mchezaji wa magoti. Watu wakacheka, hata dada yangu alicheka kidogo, kabla hajauona uso wangu.

Bibi yangu akaja na ile soksi mkononi. Hakunipa pole.

"Mjukuu wangu, hizo njuga ni za watu kusikia. Hii ilikuwa yako. Umewapa watu mpaka mguu?"

Nikaipokea. Na sikutangulia mstari tena, mwaka ule wala baada yake. Huenda ni kwa sababu niliivua. Huenda ni kwa sababu sikuuchezesha mguu kama nilivyoambiwa. Sijui, kwa kweli. Ninachojua ni kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilificha.

Naandika haya kwa sababu juzi, nilipokuja kukuona chuoni Chimwaga, nilikuona unaisokomeza soksi ya kwako ya kukaza kwenye begi, maana kiatu cha mpira kilikuwa hakiingii. Na Jumamosi mna mechi. Sikusema kitu, nisikuaibishe mbele ya wenzako. Labda nilikosea.

Ivae, mwanangu. Si dawa, inaushika mguu wakati mguu unajiponya wenyewe. Usiivue kwa ajili ya macho ya watu, wala usiing'ang'anie kwa woga hata muda wake ukiisha. Rudi kwa aliyekupa, umuulize. Na kocha akikuuliza mguu vipi, mwambie ulivyo. Kama hujui, sema hujui. Hilo neno dogo lingeniokoa mimi.

Mungu akutembeze mbali kwa miguu yote miwili. Na nikija tena unishike mkono kwenye kile kilima chenu, maana mguu huu wa kushoto bado hauniambii ukweli.