Vidonge vya Mafuta Siku ya Kumzika Mama

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuelewa: ni kweli niliweka maiki chini katikati ya kusoma wasifu wa mama yangu, jeneza likiwa hapo mbele na watu wamejaa tenti tatu, nikaenda zangu. Lakini si kwa sababu wanayosema kule nyumbani kwetu Kabazi, na sababu yenyewe ina aibu kiasi kwamba kwa muda mrefu niliona afadhali waendelee kuniita mwenye roho mbaya.

Mimi ni karani wa shule hapa Nakuru, kazi ya kukaa, na nilikuwa nimenenepa mpaka nikipanda ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu nafika siwezi kutoa salamu (nasimama kwanza, najifanya nasoma notisi za ukutani). Magoti yakaanza kuuma, presha ikapanda, nikaenda kliniki. Daktari, mama mmoja mpole, akaniandikia vidonge vya kumeza pamoja na chakula, vinavyozuia mwili kunyonya mafuta uliyokula. Alinieleza vizuri, sitamsingizia: mafuta yakizuiwa hayapotei, yanatoka kwa njia ile ingine, na ukila vya kukaanga yatatoka mengi na hutaweza kuyashika, kwa hivyo punguza mafuta kwanza. Nikaitikia. Mwezi mzima nikala sukuma ya kuchemsha na ugali kidogo, sikuona shida yoyote, nikaanza kufikiri yule daktari alikuwa ametia chumvi.

Halafu mama akaaga.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Mama alilala kitandani karibu miaka miwili, na aliyemwosha, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko ni Mama Shiku, mke wa ndugu yangu Kamau, kwa sababu wao ndio wanaishi pale kwa shamba. Mimi nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi nimebeba mkate na maneno mengi. Siku moja niliona mama ana kidonda mgongoni, nikamwambia Mama Shiku mbele ya majirani kwamba mgonjwa halazwi hivyo. Aliendelea tu kukunja shuka. Kutoka siku hiyo Kamau aliacha kuchukua simu zangu.

Kwa hivyo nilipopewa wasifu niandike na nisome, mimi kama mtoto wa kwanza, nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu ya kurekebisha. Niliandika kwamba katika ugonjwa wake mama alitunzwa kwa upendo na Mama Shiku, nikaweka jina lake lote, ukachapishwa kwa programu, kile kijitabu cha mazishi. Kamau aliusoma, akaitikia kwa kichwa polepole, akaniambia sawa. Hilo ndilo neno la kwanza aliniambia kwa zaidi ya mwaka.

Sasa matanga yetu mnayajua. Siku tatu majirani wanaleta vyakula, chapati zinang'aa, mukimo wa viazi na mahindi, mchuzi wa mbuzi mafuta yakielea juu, na ukikataa sahani ya mtu aliyetembea nayo kutoka ng'ambo ya mto umemtukana. Ningeweza kula kidogo. Ningeweza kumpigia daktari simu nimuulize. Badala yake nilijiambia (na hapa ndipo nilipojimaliza) kwamba kama hii dawa inazuia mafuta, basi hizi ndizo siku zake, nikala kila kitu na nikameza kidonge kila mlo. Asubuhi ya mazishi nikaongeza chapati mbili, chai ya maziwa matupu, na avokado nzima, kwa sababu avokado nilihesabu ni tunda.

Mabinti wote tulikuwa tumeshonewa nguo za rangi ya maziwa.

Tumbo lilianza kunguruma wakati wa wimbo wa pili, nikadhani ni huzuni. Nikaitwa mbele. Watu wananiangalia, wachungaji na kwaya wakiwa kwenye viti vya mbele, familia kando yangu kidogo. Nilisoma vizuri, utoto wake, ndoa yake, vile alilima viazi mpaka tukasoma sote, na watu walikuwa wananifuata kwa programu zao, unasikia karatasi zikigeuzwa kwa pamoja. Nikafika ukurasa wa mwisho. Nikasema, katika ugonjwa wake mama alitunzwa kwa upendo na, nikavuta pumzi nitamke jina, nikajikaza nisilie, na ile pumzi ikatokea pengine.

Haikuwa hewa. Yalikuwa mafuta, ya moto, yanateremka mguu, na nilipojaribu kuyazuia nikagundua daktari hakutia chumvi hata kidogo.

 Halafu nikaweka maiki mezani, nikajifunika nyuma kwa programu, picha ya mama ikiwa juu yake, nikatembea upande upande kama kaa mpaka nyuma ya zizi la ng'ombe, kwa choo. Nguo ilikuwa na doa la rangi ya machungwa limeshuka mpaka pindo, na harufu sitawaelezea. Bado yalikuwa yanakuja.

Nikasikia mtu anabisha.

"Mama Ian, ni mimi," Mama Shiku akasema. "Nimeleta maji. Fungua nikusaidie."

Mwanamke aliyemwosha mama yangu miaka miwili, na mimi nikamwonea haya ya nguo moja. Nilimwambia aniache, arudi kwa watu, na nilisema kwa sauti kubwa sana, kwa sababu wale wanawake waliokuwa kwa sufuria walinyamaza wote. Nikasikia miguu yake ikienda. Baadaye nilipofungua nilikuta beseni la maji na leso ya kujifunga imekunjwa vizuri juu ya jiwe.

Nilioga pale pale. Nilikuwa bado najifuta niliposikia wimbo wa kaburini ukianza, na nilipofika, nimefunga leso juu ya nguo yenye maji, walikuwa wanaweka maua. Kamau alinikaribia na hakuinua sauti.

"Jina la mke wangu limekushinda kutamka," akasema. "Hata leo."

Wachungaji walikuwa wamesimama karibu. Nilichukua ua nikaenda kuliweka pamoja na mengine.

Ilinichukua wiki saba kurudi Kabazi. Nilimkuta Mama Shiku anamenya viazi, nikakaa chini nikamwambia yote, vidonge, avokado, yote. Akasema doa aliliona kutoka pale alipokuwa ameketi. Nikamuuliza mbona hakumwambia Kamau.

"Ulinifukuza," akasema. "Nikaona hutaki nijue."

Kumweleza ndugu yako wa kiume jambo kama hilo ni kazi ingine. Kamau hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia nje, akasema ningemfungulia tu mlango. Siku hizi anachukua simu, ingawa tunaongea ya mvua na ya mbolea. Watu wengine wa Kabazi bado wanasema nilikataa kumshukuru Mama Shiku, na siwezi kuzunguka mlango kwa mlango nikieleza habari ya mafuta.

Kwa daktari nilirudi, nikamwambia ukweli, akanieleza tena yaleyale na safari hii niliandika. Na nimejiapia kwamba aibu ikinipata tena, mtu akibisha mlango, nitafungua, hata kama nimechafuka namna gani.

Lakini kuna jambo Kamau aliniambia siku ile nilipomweleza, akinisindikiza kwa lango. Pale kaburini, kabla sijafika, mchungaji aliita mtoto wa kwanza aje atupe udongo. Akaita mara mbili, watu wakageuka kunitafuta, na hakuna aliyejua nilipo isipokuwa mmoja. Mama Shiku akatoka kwa mstari, akachota udongo, akautupa kwa jina langu.