Dakika ya Salamu

Nimechoka na programu zinazoniuliza kama nataka nyongeza. Kila nikiweka mpya kwenye kompyuta, vinajipanga vile visanduku vya kutiki: punguza ukubwa wa mafaili, hakiki nakala, ifanye kazi yenyewe ukiwa umelala. Siku hizi sitiki hata kimoja. Nakili faili kama lilivyo, basi, uniache.

Kompyuta yetu ya kwanza ilikuja miaka ile Kariakoo ilipofurika bidhaa za Dubai, mpaka mama, muuza masufuria wa jumla, akaanza kuuza na rimoti. Niliiweka chumba cha nyuma ya duka, nikaifunika kitambaa cha kufuma kama tulivyoifunika redio kabla yake. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kaseti za marehemu baba.

Baba alisoma ng'ambo nikiwa mdogo, na badala ya barua alituma kaseti. Ikifika, nyumba nzima inakusanyika: shangazi, wapangaji, jirani wa mlango wa pili. Baba alisalimia kila mtu kwa zamu, na anayesalimiwa aliijibu redio kwa sauti, "Sijambo, shemeji!" Salamu zikiisha, mama alisimamisha kaseti, akatutoa nje, akafunga mlango. Yaliyobaki yalikuwa yake. Hata siku ya kuziingiza kwenye kompyuta alivaa hedifoni yeye, mimi nikabaki kubonyeza tu. Aliniambia jambo moja: kwamba mle mwishoni baba alimwita kwa jina lake la utotoni, la kule Kilimanjaro. Wote waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa wameshakufa.

Fundi wetu, mtu wa mtaa wa pili, akatuwekea programu ya kutunza nakala, toleo la bure, akatiki kila kisanduku.

"Hapa dada wewe lala usingizi," aliniambia. "Sauti inazibana zisijaze CD, na inahakiki yenyewe."

Kweli, kila nakala ilipokamilika kioo kiliandika kwamba imehakikiwa. Mama alipoona hivyo aliwapa kaseti kwaya ya kanisani. Waliziba vitundu vya juu kwa karatasi ili zikubali kurekodiwa tena, wakarekodi mapambio juu yake. Sikushangaa, maana nyumbani kwetu hakuna kaseti ambayo haikuwahi kuwa kitu kingine.

Halafu, wakati wa mgao, umeme ukarudi kwa kishindo na kompyuta ikaungua. Fundi alileta nyingine, akaingiza CD ya nakala zetu. Majina ya mafaili yalikuwepo yote. Mama akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa, akavuta kigoda na kuomba kaseti ya mwisho.

Sauti ya baba ikajaa chumba. "Shangazi yao hajambo? Wapangaji wenzetu hamjambo?" Mama alijibu kwa niaba yao wote, taratibu, "Hawajambo, hawajambo." Baba akamsalimia jirani, akamsalimia na mwenye nyumba. "Na sasa nije kwako wewe..."

Mama akainua mkono kama zamani, tutoke. Mimi na fundi tukainuka. Hatujafika mlangoni, sauti ikakatika.

Tulijaribu kaseti zote. Zote zilikatika palepale kwenye salamu. Fundi akasogea karibu na kioo, akasoma maelezo ya programu yale ambayo hakuna mtu anayeyasoma: katika toleo la bure, kisanduku cha kubana sauti huweka dakika ya kwanza tu ya kila rekodi.

"Si iliandika imehakiki?" niliuliza.

"Imehakiki, dada. Kilichobaki kimenakiliwa sawasawa."

Nilitamani kuipiga teke ile kompyuta. Hasira haikudumu, uchovu ukachukua nafasi yake, na haujanitoka hadi leo. Fundi alikuwa akiomba radhi, na mama alimwambia asijali, yeye hana kosa.

Mama alikaa akikitazama kile kioo, mkono wake ungali umeinuka kidogo. Kisha akajifunga khanga vizuri na kuchukua funguo za duka.

"Kila nilipomjibu kwa barua nilimwambia apunguze salamu," alisema, "aanze na mimi."