Ujumbe Ulioenda kwa Marehemu

Kiwandani walimwita Mama Kola, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye mashine ileile, karibu na dirisha, akishona kola za mashati. Si shati zima, kola tu. Mikono ilishonwa na wa mbele yake, na vifungo na wa nyuma yake, ambaye naye alijulikana kama Bi Vifungo. Ukikutana na Mama Kola njiani, kabla hajakutazama usoni alikutazama shingoni. "Hiyo imekaa upande," alikuwa akisema, na mtu anajikuta amejishika kola.

Nilimjua kwa sababu tulipanga nyumba moja. Mlango wake ulitazamana na wangu, na jiko tulichangia. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, akamwachia binti mmoja, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi.

Kiwanda kilifungwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mashine zilizimika zote kwa pamoja na watu wakadhani umeme umekatika kama kawaida. Kumbe sivyo. Afisa utumishi alipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasoma karatasi moja, akashuka. Wapo waliolia, wapo waliotukana. Mama Kola alichukua sindano ya mkono, akamalizia kola aliyokuwa amefika nusu, akakata uzi.

"Ya nini sasa?" nilimwuliza jioni aliponisimulia.

"Ningeiachaje inaning'inia?"

Siku hiyo bado alikuwa na matumaini. Kila mwezi mshahara wake ulikuwa ukikatwa mchango wa Mfuko wa hifadhi ya jamii, na kanuni zilisema mtu aliyepoteza kazi bila kosa lake atalipwa fao la kukosa ajira kwa miezi sita. "Siendi kuomba sadaka," alimwambia bintiye. "Ni jasho langu. Wewe soma."

Kesho yake alikwenda ofisi ya Mfuko. Ukumbi wa chini ulikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa sita-sita, kiasi kwamba mmoja akiinuka wote mnatikisika. Alichukua namba, akasubiri, akafika dirishani. Karani, mwanamke kijana mwenye miwani, alipokea fomu, akagonga mhuri.

"Shikamoo mama. Maombi yamepokelewa. Tutakujulisha kwa ujumbe wa simu ndani ya siku thelathini."

"Marahaba mwanangu. Hakuna kinachopungua?"

"Kikipungua tutakuambia."

Basi akasubiri. Simu ilihama kutoka kwenye mkoba ikaingia kifuani. Alipika nayo, akafua nayo, akaenda nayo bafuni imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ikilia, anaacha kila kitu. Akisoma, ni kampuni ya simu inamhimiza ajishindie pikipiki. Siku thelathini zikapita, zikawa arobaini.

Wiki ya saba Bi Vifungo alikuja kumtembelea akiwa na uso wa mtu anayeogopa kufurahi mbele ya mwenzake. Alikuwa amelipwa.

"Wewe bado, dada? Au hukujaza vizuri?"

"Tulijaza pamoja, tumekaa kiti kimoja."

Mama Kola alianza kupiga namba ya huduma kwa wateja ya Mfuko. Muziki, kisha sauti tamu ya kumwambia simu yake ni muhimu, kisha kwamba mbele yake wapo watu thelathini na mmoja. Betri ya simu yake ilikuwa imechoka, haidumu bila waya. Alisimama ukutani kwenye soketi, kichwa kimeinama, akasikia foleni inashuka: ishirini, kumi na mbili, wanne. Mara mbili ilikatika akiwa wa kwanza. Mara ya tatu alipokelewa na mtu aliyesema, "Mama, fika ofisini na kitambulisho," akakata.

Alipofika ilikuwa mwezi wa tatu tangu kiwanda kifungwe. Karani yuleyule alimgeuzia kompyuta.

"Mama, mbona tumekutumia ujumbe mara nne? Tuliomba barua ya kuachishwa kazi, ile halisi yenye mhuri wa mwajiri. Uliyoleta ni nakala. Hukujibu."

"Sijapata hata mmoja."

"Si namba yako hii?"

Mama Kola aliisoma namba ile tarakimu moja moja. Ilikuwa namba ya mumewe. Miaka kumi na tisa iliyopita, alipoajiriwa, simu nyumbani ilikuwa moja tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika kwenye fomu ya kujiunga.

"Lakini kwenye maombi niliandika yangu ya sasa."

"Mfumo unatumia ya kwenye usajili."

"Mwanangu, huyo ni marehemu."

"Pole, mama. Basi tubadilishe. Tutatuma tarakimu sita kwenye namba ya zamani, unisomee."

"Nimekuambia amekufa."

"Nimeelewa. Lakini mfumo haunipi njia nyingine."

Namba hiyo ilikuwa bado kwenye simu yake, ameihifadhi kwa jina la Mwenyewe. Hakuwahi kuipiga tangu mazishi. Alitoka nje, akaegemea ukuta wa ofisi, akabonyeza. Aliniambia baadaye kwamba ilipoanza kuita alitaka kukata, maana kwa sekunde chache alisahau, akawa anafikiria atamwambia nini.

Ilipokelewa na mwanamke, nyuma yake kelele za mashine ya kukaushia nywele. Alikuwa msusi. Namba hiyo alikuwa ameinunua dukani miaka miwili iliyopita.

"Ee, kumbe ni wewe!" alisema. "Wananiandikia 'ndugu mwanachama, ndugu mwanachama'. Nikajua ni matapeli, nikafuta zote. Nisamehe, dada yangu."

"Hukujua. Naomba tu unisomee namba itakayoingia sasa hivi."

"Haya, tuma."

Namba ya uthibitisho ilidumu dakika tano. Aliporudi dirishani ilibidi apange foleni upya, na ilipotumwa, msusi alikuwa na mikono yote kwenye kichwa cha mteja. Alipompigia Mama Kola, dakika ya saba ilishapita. Wakatuma tena, mtandao ukagoma. Mara ya tatu msusi alisoma haraka, karani akakosea tarakimu moja, na akaunti ikajifunga kwa siku saba.

Nilimsindikiza siku ya nane. Nilikaa naye kwenye viti vile vya kutikisika, na safari hii msusi alikuwa ameacha kazi yake kabisa, amekaa na simu mkononi akingoja, mtu ambaye hatujawahi kumwona wala hatukumwona baadaye. Tarakimu zikakubali. Namba ya mumewe ikafutwa kwenye kompyuta, ya kwake ikaingia. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anatazama sakafu.

Hatujafika kituoni, simu ikalia kifuani. Alinipa nisome. "Ndugu mwanachama, maombi yako yamefungwa kwa kutowasilisha kiambatisho kwa wakati. Unaweza kukata rufaa."

Rufaa nayo ilitaka barua ileile yenye mhuri. Kiwandani alimkuta mlinzi peke yake, ameketi langoni. Mashine zilishachukuliwa na ukumbi ulibaki na alama za miguu ya mashine hizo, nne nne, kwenye saruji. Mlinzi alimwelekeza kwa afisa utumishi, ambaye siku hizo alikuwa anauza vipuri vya pikipiki.

"Mama Kola, ningekuandikia hata sasa hivi," alisema kwa aibu. "Ila mhuri si wangu tena. Uko kwa wakili anayesimamia mali za kampuni."

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya nne. Alizungushwa pale wiki tano. Mara wakili yuko mahakamani, mara amesafiri, mara yupo lakini hana nafasi. Barua aliandikiwa na kupigiwa mhuri hatimaye na katibu muhtasi, aliyechoka kumwona kwenye ngazi. Alipeleka rufaa siku hiyohiyo.

Nyumbani mambo yalikuwa yanashuka. Cherehani yake ya miguu iliondoka kwanza, kisha kabati. Binti alirudi na sanduku lake katikati ya muhula. "Nimeahirisha tu, mama," alisema, na mama yake akamwitikia kama mtu aliyeamini. Baada ya hapo walikuwa wakiongea kwa upole uliozidi, kila mmoja akichunga asimguse mwenzake panapouma.

Jibu la rufaa lilikuja mwezi wa nane tangu kiwanda kifungwe, na safari hii ujumbe ulifika. Ulisema afike ofisini. Alivaa gauni lake la kanisani. Karani mwenye miwani alisoma muda mrefu kabla ya kuinua uso.

"Mama, rufaa yako imekubaliwa. Walikosea kuyafunga maombi yako."

"Ashukuriwe Mungu."

"Ila fao linahesabiwa kuanzia siku kazi iliposimama. Miezi sita imeshapita, na Mfuko haulipi ya nyuma. Hakuna mwezi uliobaki wa kulipwa."

"Kwa hiyo nina haki."

"Ndiyo, mama."

"Ila hamnipi."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nyuma yao mtu alikuwa tayari ameitwa namba yake.

Alipoingia nyumbani, binti alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakuuliza kitu, alisogea tu, akampisha. Mama Kola alikaa kitandani na gauni lake lile, bahasha ya karatasi zake za maombi mapajani, mpaka jioni.

Sasa hivi anafua mashuka katika nyumba ya wageni, siku nne kwa wiki. Sabuni imemla vidole, hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano bila mtu kumsaidia. Binti anauza dukani kwa mtu. Chuo walishaacha kumwandikia kumwuliza atarudi lini.