Nilivuka Nikamwacha Katikati

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Lakini kwa mambo ya barabara sikudhani kuna mtu wa kunifundisha. Miaka mingi nilinunua ng'ombe Tseikuru na kuwaleta hadi Malili, na pale ilibidi wavuke barabara kuu ya Mombasa. Unatangulia wewe, unasimama katikati ya lami, unainua fimbo. Dereva wa trela atapiga honi, atakutukana na mama yako, lakini atasimama, maana ng'ombe atamharibia gari. Ng'ombe wanafuata mgongo wako. Sikupoteza hata ndama.

Mke wangu naye alinifuata vivyo hivyo. Siku zile kwetu mtu na mke wake hawakushikana mikono njiani. Mimi mbele, yeye nyuma hatua nne tano. Hata macho yake yalipoingia ukungu hatukubadilisha. Alifuata mlio wa fimbo yangu.

Macho hayo ndiyo yalitupeleka Ujerumani, miaka ya themanini. Binti yetu alikuwa nesi huko, akamtafutia mama yake daktari, tukakaa kwake miezi. Hospitali ilikuwa ng'ambo tu ya barabara, lakini barabara yenyewe ilikuwa pana na magari hayakuisha.

"Baba," binti akaniambia, "huku magari yanaanza kukujia kutoka kushoto. Usivuke mpaka taa ya kijani iwake. Na Mwaitu umshike mkono." Mwaitu kwa Kikamba ni mama, alimaanisha mke wangu.

"Nimshike mkono kwani ni mtoto?"

"Haoni, Baba."

"Mimi nimevusha ng'ombe wangapi Malili? Nitashindwa na mama mmoja?"

Mke wangu akacheka pale kitini. "Haya, mnihesabu na mimi. Lakini msinipige fimbo."

Tulicheka sote. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba jirani wa chini alikuwa amelalamika juu ya fimbo yangu kugonga sakafu, na binti akaivisha mpira kwenye ncha.

Siku ya kwenda kwa daktari binti alikuwa kazini. Taa ikawaka kijani, nikasema, "Twende," nikaenda kwa hatua zangu za Malili. Nilipofika ng'ambo nikageuka. Mke wangu alikuwa katikati ya barabara, shingo kainyoosha, anatafuta mlio ambao haupo. Taa ikawa nyekundu. Magari yakaondoka.

Niliinua fimbo nikarudi barabarani, nikaangalia kulia kama kwetu. Gari likatoka kushoto. Mtu fulani alinivuta koti kwa nyuma, la sivyo nisingekuwa naandika haya. Nikampigia mke wangu kelele kwa Kikamba asitembee. Yeye akaketi. Aliketi chini kwenye lami na leso yake, mikono kichwani, na magari yanampita huku na huku. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyesimamisha gari, akashuka, akamwinua na kumleta kwangu. Kiatu kimoja kilibaki kule. Yule dereva hakunitazama hata mara moja.

Mke wangu aliniambia maneno mawili tu: "Wewe ulivuka."

Tangu hapo alikataa kutoka na mimi. Binti akiwa kazini, hospitali haendi. Daktari akasema jicho la kushoto linazidi kuharibika na kuchelewa hakusaidii. Binti alilia, akasema ni mimi. Na hakuwa anasema uongo.

Nikaanza kwenda peke yangu kila asubuhi kusimama kwenye zile taa. Nikivuka, nikirudi, nikivuka tena, mzee mzima, kichwa nikikilazimisha kushoto. Siku ya nne nikang'oa ule mpira kwenye fimbo, nikamwambia mke wangu nipe mkono.

"Unaangalia wapi kwanza?" akauliza.

"Kushoto."

"Na nikisimama katikati?"

"Nasimama na wewe."

"Na magari?"

"Yakigonga, yatatugonga wawili."

Mkono hakunipa. Alishika mkono wa koti langu, kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kichafu. Hivyo ndivyo tulivyovuka mpaka alipomaliza kupasuliwa. Jicho la kulia lilirudi. La kushoto halikurudi, na mimi sikuuliza daktari kama ni zile siku tulizopoteza. Niliogopa angeniambia.

Tuliporudi nyumbani basi lilitushusha Malili, upande usio wetu. Malori yalikuwa yanateremka kwa kasi. Nikamnyooshea mkono mbele ya watu wote walionijua pale, wauza nyama na madalali, wengine wakaanza kupiga miluzi. Mke wangu aliangalia ule mkono. Kisha akaangalia kulia, akageuza kichwa kizima kuangalia kushoto kwa lile jicho moja, akavuka peke yake bila kungoja.

Mimi nilimfuata, hatua nne tano nyuma.