Ngumi Iliyokataa Kukunjika

Hebu mwone mhudumu wetu wa maabara akiingia kwenye kile chumba cha kutolea damu, hospitalini Upper Hill, saa moja asubuhi, mkoba begani, akisalimia benchi nzima: "Sasa, nyinyi wenye damu tamu?" Sisi ni wale ambao kinga ya mwili imetugeuka na kutushambulia wenyewe, na kila miezi mitatu damu yetu hupimwa ijulikane mambo yamefika wapi. Hana haraka na mtu. Anausugua mkono wako upate joto, anakufunga mpira juu ya kiwiko, kisha anakunja ngumi yake mwenyewe mbele ya uso wako: "Kunja hivi, mama, kama umemkasirikia mzee wako." Hata mwoga wa sindano hucheka.

Julai ngumi yake ilikataa kukunjika. Vidole vilikuwa vimevimba, ncha zake nyeupe kama chaki. Akaona nimeona. "Ni hii baridi tu, mama. Chumba changu cha Kangemi hakipati jua." Mimi nami nilisema hivyohivyo, miaka miwili mizima, kabla sijapimwa. Nikatazama foleni nyuma yangu, nikawaza, nitamfundisha nini mtu anayeshika damu hii kila siku? Nikacheka naye, nikakunja ngumi yangu.

Oktoba nilimkuta kwenye benchi, upande wetu, uso umemvimba. Akanisogezea nafasi nikae.

"Ni huu ugonjwa wenu, na umefika kwenye figo," akasema taratibu. "Siku ile ulijua, sivyo, mama?"

Wewe ungemjibu nini?